Nani Anakula Seva Yangu?

Jamani, mimi ni mtu wa steshenari. Natoa kopi, naprinti, napiga lamineshi vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta sijaisomea. Najua pa kuwashia. Najua karatasi ikikwama inavutwa upande gani. Najua pia kwamba ikigoma kabisa unaizima, unavuta pumzi, unawasha tena. Kwa elimu hiyo nimelisha familia hapa Nkuhungu, Dodoma, miaka yote, na hakuna aliyewahi kunidai cheti.

Halafu ikaja hii habari ya seva.

Seva ni neno la shemeji. Mimi nilikuwa naiita kompyuta ya nyuma. Ni desktopu ya mtumba, Core i5 ya zamani, imekaa chini ya meza karibu na mlango, na kompyuta zote za wateja zinavuta faili kutoka kwake. Aliyeniuzia aliiwekea Linux, hii inayoitwa Ubuntu, akaniambia ni ya bure. Neno bure likishatajwa mimi huwa sisikii linalofuata.

Kiangazi hiki ikaanza kuzingua. Asubuhi inakimbia. Saa tano inasinzia. Saa nane mchana unabonyeza, unakwenda kunywa chai, unarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Na mji wenyewe si ule wa zamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, watu wakasubiri mpaka wakazeeka. Halafu 2016 ikatamkwa kwamba safari hii tunahama kweli, na wakahama. 2018 tukawa jiji. 2024 treni ya umeme ikaanza kutushushia watu kutoka Dar. Kila anayeshuka ana cheti cha kulamineti. Kila kijana ana maombi ya kazi ambayo mwisho wake ni leo, na ameyakumbuka sasa hivi. Mifumo ya maombi haina neno. Yenye neno ni kompyuta ya nyuma.

"Anko, hii mashine imekufa?"

"Haijafa, inafikiri."

"Inafikiria nini muda wote huo?"

Hilo swali ndilo lililoniponza. Nikalibeba mpaka nyumbani. Mama watoto akasema, si mdogo wangu anasoma kompyuta chuoni, mwite. Nikamwita. Akaja na begi, laptopu na njaa.

Akaketi kwenye kiti changu. Akafungua dirisha jeusi, akaandika neno fupi, vikajaa vitarakimu vinarukaruka. Akanigeukia kwa uso wa daktari.

"Shemeji, lodi yako ni 9."

Nikamwambia asante. Nilidhani ni tisa juu ya kumi.

Kumbe ni mzigo. Pale juu, akasema, kuna namba tatu: wastani wa dakika 1, wa dakika 5 na wa dakika 15. Prosesa yangu ina kori nne, maana yake kazi nne ndizo zinazoweza kwenda kwa pamoja. Zikiwa 9 kuna foleni. Ila Linux ina mambo yake. Tangu 1993 haihesabu tu wanaosubiri prosesa, inahesabu hata waliokwama wakisubiri diski. Kwa hiyo namba inakuambia foleni ipo, haikuambii ni foleni ya nini. Hapo nikaelewa bila kufundishwa zaidi, maana benchi za ofisi za umma nimezikalia. Ukikuta watu tisa kwenye benchi hujui kama karani ndiye mzito au faili halijatoka masijala. Benchi ni lilelile.

"Basi muulize karani," nikasema.

"Ndiyo tunakwenda kumuuliza. Tunashuka kwenye keneli."

Hilo neno tunashuka sikulipenda. Tena alisema "tuna", kama vile tuko wawili, wakati anayelipa ni mimi.

Keneli, kwa jinsi nilivyoambiwa, ndiyo programu ya ndani kabisa. Ndiyo inayogawa prosesa, memori na diski kwa programu nyingine zote. Hii ya Linux aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Wanafunzi wa siku zile waliandika keneli. Wa siku hizi wanakula chapati zangu.

Akaendelea, mdomo umejaa. Ndani ya prosesa kwenyewe, kwenye kile kisilikoni, kuna kaunta zinazohesabu kila kinachopita: maagizo, mizunguko, mara ngapi imetafuta kitu kwenye memori ya karibu ikakikosa. Pentium ya 1993 ilikuja nazo, lakini Intel hawakuzitangaza kwa kila mtu. Ikabidi Mnorwe mmoja, Terje Mathisen, azichimbue mwenyewe na kuzianika kwenye jarida la Byte mwaka 1994. Halafu 2009 keneli ya Linux ikapata chombo chake cha kuzisoma, jina lake perf. Mimi nikawa natikisa kichwa huku nahesabu chapati. Hesabu hiyo haikuhitaji Mnorwe.

Akaandika perf. Mashine ikajibu kwamba perf ya keneli hii haipo. Eti kwa Ubuntu kila toleo la keneli linataka perf ya toleo lake, na yangu ilishajisasisha kimyakimya bila kunishirikisha, na mimi ndiye baba mwenye nyumba. Inabidi ipakuliwe. Kupakua kunataka bando. Bando la nani? La mwenye seva. Nikanunua. Likakatikia njiani. Nikanunua tena. Wakati huo dada mmoja amesimama anasubiri kopi mbili za kitambulisho, shilingi mia mbili jumla. Hesabu ya faida ipige mwenyewe, mimi nimeshindwa.

"Sasa weka neno la siri, shemeji."

Nikainama, nikaandika. Kwenye kioo hakikuja kitu. Hata kile kinyota cha kufichia hakikuja. Nikabonyeza kwa nguvu nikidhani kibodi imekufa. Shemeji akasema Linux haionyeshi kitu unapoandika siri, wewe endelea tu. Nikaendelea. Imekataa. Nikaanza upya. Imekataa. Dada wa kitambulisho akasogea kuona vizuri.

"Nitajie nikuandikie."

"Nikunong'oneze."

"Sisikii, printa inapiga kelele."

Nikalitaja. Printa ikanyamaza palepale, laana yake.

Sasa neno langu la siri ni jina la mtu na mwaka. Mtu mwenyewe si dada yake shemeji. Mwaka ni wa kabla ya ndoa, nasisitiza, kabla kabisa. Nilijitetea kwamba nililiweka kwa sababu ndilo jina ambalo siwezi kulisahau, na hapo ndipo nilipozidi kuharibu. Dada wa kitambulisho akaguna. Shemeji akaandika taratibu, herufi mojamoja, kila herufi na tabasamu lake.

"Imekubali. Halafu shemeji, soda hamna?"

Soda ikapatikana.

Perf ikaingia. Akaiagiza ianze kupima. Keneli ikamkatalia: huna ruhusa. Nikafurahi kidogo, siwezi kuficha. Angalau kuna mtu mle ndani anayemkatalia huyu kijana kitu.

Tatizo ni namba moja ndani ya faili moja, na faili lina jina refu la kutisha, perf_event_paranoid. Ikiwa -1, keneli inamwonyesha kila mtu karibu kila kitu. Ikiwa 0 inabana kidogo. 1 inabana zaidi. 2, ambayo ndiyo keneli inazaliwa nayo siku hizi, mtumiaji wa kawaida anapima programu zake tu, ndani ya keneli hachungulii. Jamaa wa Ubuntu wakaona hiyo bado ni ulegevu. Yangu ilikuwa 4. Maana yake kaa mbali.

Nikauliza woga wote huu wa nini. Akasema hizo kaunta zinavujisha. Mtu akifuatilia sana programu ya mwenzake inavyotumia prosesa, anaweza kubahatisha siri zilizomo. Tena mwaka 2013 lilionekana tundu ndani ya perf hiyohiyo, mtumiaji wa kawaida alikuwa anaweza kulipitia akajigeuza mkubwa wa mashine nzima. Wakaliziba. Tangu hapo hawataki mchezo. Nikaitazama ile desktopu ya chini ya meza kwa heshima mpya. Yenyewe inakaa kwenye 4. Mimi mbele ya wateja na mbele ya shemeji nimetoka -1.

"Si uingie tu kama mkubwa, uone yote?"

"Kitaalamu hatufanyi hivyo, shemeji."

Basi akaishusha hadi 0 kitaalamu. Akalegeza na swichi nyingine inayoficha anwani za ndani ya keneli, maana bila hiyo ripoti ingekuja bila majina ya wahusika. Akaiagiza ichungulie mara 99 kwa sekunde, usiku kucha. Kwa nini si mia? Kwa sababu mambo mengi ndani ya mashine yanakwenda kwa midundo ya namba kamili, na ukichungulia mara mia unaweza kuoana na mdundo, ukawa kila saa unaona tukio lilelile. Nikasema naam, ndivyo, kana kwamba nilikuwa nataka kulisema hilo mwenyewe.

Usiku LUKU ikaisha. Mita nachangia na saluni ya jirani, na zamu ya kununua yuniti ilikuwa ya… tuache tu. Asubuhi seva ikawaka, ile namba imerudi 4. Eti ukiibadilisha hivihivi inakaa kwenye memori, mashine ikizimika imesahau. Ukitaka idumu unaiandika kwenye faili ndani ya folda ya sysctl.d, ndipo kila ikiwaka inasomwa. Nikamuuliza kwa nini hakuiandika huko tangu jana. Akasema jana tulikuwa tunajaribu. Sisi tena.

Neno la siri likahitajika upya. Safari hii hakuniuliza, analo. Akaliandika huku analitamka kwa sauti, na mama watoto ndiyo kwanza anaingia mlangoni na poti la ugali na mlenda.

"Nani huyo?"

"Neno la siri la seva, dada."

Mama watoto akaweka poti mezani. Akasema kuleni kabla hakijapoa. Hajauliza kingine mpaka leo. Mke wangu ni mtu wa kuuliza, mkate ukipungua kipande anauliza. Hili hajauliza. Mimi nalala kwa jicho moja.

Usiku ule yuniti nilinunua mwenyewe, na saluni wakakausha nywele kwa hela yangu mpaka saa nne. Asubuhi tukafungua ripoti. Juu kabisa ya orodha, asilimia tisini na kitu peke yake, ameketi mtu anaitwa swapper.

"Huyo hapo!" nikaruka. "Huyo ndiye anayenila! Muue!"

Shemeji alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Swapper ndilo jina ambalo keneli inaliandika prosesa ikiwa haina kazi. Namba yake ni sifuri. Huwezi kumuua, kwa sababu hafanyi kitu. Ndio usingizi wenyewe. Yeye shemeji alikuwa ameiagiza perf ihesabu kwa saa badala ya kwa mizunguko ya prosesa, kwa hiyo hata muda wa kulala ukaingia kwenye hesabu. Tafsiri yake ni kwamba nimetoa bando mbili, yuniti, chapati, soda na amani ya ndoa ili nijulishwe rasmi kwamba duka likifungwa kompyuta inalala. Hata mlinzi wangu analala. Lakini yeye sijawahi kumpima mara 99 kwa sekunde.

Nikasema, kwa unyonge, si tupime mchana, maana tatizo lenyewe ni la mchana? Akanitazama muda mrefu. Akasema hilo ni wazo. Sijasifiwa tena tangu hapo.

Mchana wa Dodoma unaujua. Wageni wanasikia tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, wanakuja na masweta. Sweta ni la usiku wa Juni na Julai. Oktoba saa nane bati linalia, upepo unakuja umebeba shamba la mtu, unapita kwangu unaliacha. Mvua mwisho Aprili, tone jingine ni mwishoni mwa Novemba au Desemba ukibahatika. Katikati hapo ni vumbi. Unafuta meza, unageuka, unaandika jina lako juu yake.

Shemeji akaipa seva kazi ndogo ya kukandamiza faili kubwa, akaiambia perf isimamie. Ikaisha. Zikashuka namba: maagizo mangapi, mizunguko mingapi, na pembeni, kwa maandishi ambayo mimi nisingeyasoma hata kwa kulipwa, gigahezi 0.8.

"Shemeji, prosesa hii imeandikwa 3.2."

"Ndiyo, stika bado ipo."

"Inakwenda robo ya mwendo wake."

"Nani kaipunguza?"

"Yenyewe. Imeshikwa na joto."

Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo isiungue. Ndivyo ilivyotengenezwa. Asubuhi kuna ubaridi, inakimbia. Jua likipanda, inajiburuta. Kazi zilezile, mwendo robo, foleni inajaa, lodi 9. Halafu kijana akafungua kitu kingine, kinaitwa dmesg, daftari ambalo keneli inaandika yanayoisibu. Mistari ikashuka. Joto la kori limepita kiwango, mwendo wa prosesa umepunguzwa. Joto la kori limepita kiwango, mwendo wa prosesa umepunguzwa. Mstari kwa mstari, tangu mashine iwake baada ya LUKU kuisha. Ilikuwa inalia mle ndani muda wote na hakuna aliyekwenda kuisikiliza.

Nikamuuliza kwa upole wa mtu anayetaka kupiga: hili daftari lilikuwepo siku ya kwanza?

"Lilikuwepo."

"Mbona hukuanza nalo?"

"Shemeji, kusoma logi kila mtu anaweza."

Tukafungua kava. Feni sikuiona. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi niliona rasta. Nyekundu, nyeusi, na moja ya zambarau. Saluni ya jirani imekuwa ikisukia kwenye seva yangu. Nikazitoa kwa mkono, dada wa saluni akapita akasema kumbe zile za zambarau ndiko zilikoenda.

Blowa sina. Tukapakia desktopu kwenye bajaji hadi kwa fundi pancha mwenye kompresa. Shemeji akatoa maelekezo: shika feni isizunguke, upepo mkali ukiizungusha ovyo inaharibika. Nani ashike? Yeye alikuwa na simu mkononi, anarekodi. Nikaingiza kidole, nikainamia. Fundi akafungulia.

Kiangazi chote kikanijia usoni. Nilikuwa na shati jeupe. Bodaboda kijiwe kizima wakasimama. Mmoja akaniita jina ambalo silijui, lakini wenzake wanalijua maana walianguka kwa kicheko. Shemeji akamweleza fundi kwamba kati ya prosesa na lile chuma la kupozea huwa kuna dawa ya kupitisha joto, imekauka. Fundi akaingia ndani akatoka na kopo la grisi ya beringi. Tukamzuia. Akanuna. Akasema elfu mbili. Nikasema upepo wa tairi si jero? Akasema tairi halina keneli. Sijui nani alimfundisha hilo neno, nadhani lilitoka mdomoni mwangu nikiwa nakohoa.

Dawa yenyewe tukainunua mjini, kijisindano kidogo, bei sitaji. Tukafunga. Perf ikasema 3.2. Saa nane mchana ileile, lodi moja na pointi. Kopi zinatoka, fomu zinakwenda. Ile namba nimesimamia mwenyewe irudishwe 4. Na neno la siri nimelibadilisha. Sasa ni jina la mama watoto na mwaka wa ndoa. Jina halinisumbui. Mwaka ndio kila nikiuweka inakataa, na nyumba nzima anayeujua ni mmoja, na kumuuliza siwezi.

Shemeji sasa kazi imeisha lakini hajaondoka. Amegundua mchoro. Aliubuni bwana mmoja anaitwa Brendan Gregg mwaka 2011: unachukua vipimo vyote vya perf, kila sehemu ya programu inakuwa kimstatili, kikiwa kipana ndiko muda wa prosesa unakoishia, na kila kimoja kinakaa juu ya kile kilichokiita. Vyote rangi za moto, njano, chungwa, nyekundu. Akauprinti kwenye A3, kwa wino wangu wa rangi, wino ambao hata picha za harusi nawawekea watu kwa kupima. Akaubandika ukutani juu ya bei za kopi. Nikamwambia ukuta ni wa biashara. Akasema hii ni biashara.

Jana akaingia bwana mmoja mwenye mkoba, mtu wa heshima, amekuja kuskani hati. Akasimama mbele ya ule mchoro. Akavaa miwani. Akausogelea.

"Hivi vimepimwa?"

Nikasema vimepimwa, maana ni kweli, na gharama ya kuvipima nimeilipa mimi.

"Viko Nzuguni au upande wa Mtumba?"

Sikujua nijibu nini. Nikasema viko chini. Akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye kimstatili kipana, cha chungwa, pembeni kabisa.

"Hiki cha kona bei gani?"

Nikamwita shemeji atoke nyuma aje aeleze, alikuwa anakula. Akafuta mikono, akaangalia kidole kilipo, akasema hicho ni cha kusoma diski, hakiuzwi. Yule bwana akasikitika sana. Akaniachia namba yake ya simu, akasema mwenye hicho akibadili mawazo nimpigie yeye kwanza, kabla ya madalali.